Historia ya zamani ni ya nani?

Kila mara ninaposindikiza watu ku musée ya Lubumbashi, kuna swali moja lenye halikosi. Tunasimama mbele ya misalaba midogo ya shaba. Ninaeleza ginsi mafundi wa zamani waliyeyusha mawe ya kijani, na namna misalaba ile ilitembea katika inchi kubwa. Watu wanasikiliza vizuri, watoto wanasukumana kusudi waone. Halafu mutu mumoja, leo mama wa soko, kesho kijana wa université, anauliza: "Papa Mwalimu, sasa bale bantu balikuwa ba kabila gani? Baluba, Basanga, ao Balamba?" Hapo wote wananyamaza. Hata wale wenye walikuwa wanacheza na telefone wanainua kichwa.

Ndugu musomaji, nimefundisha historia zaidi ya miaka 30, na lile swali nimelijibu kwa namna tatu. Jibu la kwanza lilikuwa kosa. La pili lilikuwa woga. La tatu ningali ninalitafuta, na njo juu yake ninaandika kurasa hizi. Kwa maana nyuma ya swali la yule mama kuna lingine kubwa zaidi, lenye kutuhusu sisi wote tunaopenda mila: mutu anayewaeleza watu wa kawaida mambo ya kale, watu hao wanamudai nini? Ana haki ya kurahisisha mupaka wapi? Na kile anachowapa, anawapa kama mali ao kama kazi?

1. Vitu vyenye udongo ulichunga

Tuanze na yale yanayojulikana, kwa sababu kubishana juu ya zamani bila kuijua ni kelele tu. Kaskazini ya hapa, ku ziwa Kisale, mahali Lualaba inajitandaza katika mabwawa ya Upemba, kuna makaburi ya Sanga. Leo ni jimbo la Haut-Lomami. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale, Hiernaux akaendelea 1958, na mu miaka ya 1970 Pierre de Maret akarudi, pale Sanga na mahali pengine pa lile bonde. Pale Sanga peke yake yalifunguliwa makaburi zaidi ya 150.

Wafu walilazwa pamoja na vyungu, na mapambo ya shaba, na vyombo vya chuma. Wachache walikuwa na shoka la heshima, mupini wake umepambwa kwa misumari. Wachache zaidi walikuwa na fuawe, kile chuma ambacho mufundi anapigia chuma kingine. Vyungu vingi havikupikiwa hata siku moja: vilifinyangwa juu ya marehemu, na ukubwa wavyo ulifuata umri wake. Mutoto mudogo alizikwa na vyungu vidogo. Kila mara ninaposema maneno haya, akina mama wanatoa sauti moja tu: "Eeh!" Hawaombi maelezo mengine. Mutu mwenye alifinyanga chungu kidogo cha mutoto aliyekufa miaka 900 iliyopita, wao wanamujua.

Hesabu za maabara zinaonyesha kwamba watu waliishi kando ya maziwa yale tangu karne ya 6 ao ya 7, na kwamba kati ya karne ya 11 na ya 13 ufundi wao ulifika juu sana. Tangu karne ya 14 misalaba ya shaba inaanza kuonekana makaburini. Kadiri miaka ilivyoenda, ikawa midogo, yenye kulingana, na mingi. Njo maana wataalamu wanasema ilipata kuwa feza. Lakini mu Upemba hakuna shaba. Ilitoka huku kwetu kusini. Hata simbi za bahari ya Hindi zilikutwa mu makaburi yale, zikiwa zimepita mikono mingi mbele ya kufika.

Na sisi wa Lubumbashi tusifikiri kwamba hayo ni mambo ya mbali. Pembeni ya muji, ku Luano na ku Naviundu, kulionekana alama za kuyeyusha shaba zenye kupita miaka elfu moja. Muji ulianzishwa 1910. Moto wa shaba uliwaka hapa karne nyingi mbele.

2. Jibu la kwanza: kosa

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu Likasi. Siku ya mungu, kisha misa, watu wa kartie walikutana mu salle, na miye niliwaeleza mambo ya bankambo. Nilipenda kuwafurahisha. Nilifika ku Sanga na kusema: "Wale watu ni bankambo wetu, na ile mali ni yetu." Maneno mafupi, matamu. Watu walipiga mikono.

Niliamini kwamba ninatengeneza kitu kilichoharibika. Masomo ya wakati wa ukoloni yaliwafundisha wazazi wetu kwamba historia ya hapa inaanza na Stanley, na kwamba Msiri, mwami wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya kapiteni Bodson, alikuwa tu jiwe katika njia. Mutu mwenye aliambiwa miaka mingi kwamba mufuko wake hauna kitu, ukimuonyesha kwamba umejaa, unafanya ubaya gani?

Halafu mwaka 1992 ukafika. Mwaka ule na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, maelfu na maelfu. Pale Likasi walijaa ku gare, na magodoro, na masufuria, na wagonjwa, wakingoja treni. Wengi walizaliwa hapa, wana wa watu wenye waliletwa kufanya kazi ku mashimo na ku shemindefere. Magaribi moja nilipita kando ya gare. Kijana mumoja wa ile salle yetu alikuwa amesimama juu ya familia iliyokaa chini, anapiga kelele: "Murudie kwenu! Mwalimu alitufundisha: hapa njo bankambo yetu balikuwa, haina benu!" Yeye hakuniona. Lakini mutoto wa ile familia alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Yeye aliniona. Hakusema kitu.

Sikupata kusema hata siku moja kwamba mutu afukuzwe. Lakini nilisema "yetu" bila kusema sisi ni nani. Lile neno lilikuwa mulango wazi, na kila mutu aliweza kuingia na fimbo yake.

Na tena halikuwa kweli, angalau si vile nililisema. Wachimbaji walivipa vipindi vya Upemba majina ya mahali: Kamilamba, Kisale, Kabamba. Hawakuvipa jina la kabila, kwa sababu chungu hakisemi luga. Ni kweli, zile shoka na zile fuawe zinatuonyesha desturi zenye zilikuja kujulikana kati ya Baluba, na wataalamu wanaona mizizi pale. Lakini kati ya "hii ni mizizi ya desturi za Baluba" na "hawa ni sisi, na si ninyi," kuna mutoni mupana. Miye niliuruka bila kuangalia mayi. Na kuna jambo la kuumiza zaidi: mapokeo ya Baluba wa Kasai wenyewe yanasema kwamba bankambo wao walitoka upande huu wa Katanga, ku Nsanga a Lubangu. Kama makaburi ya zamani yangekuwa karatasi ya kiwanja, hata wale waliofukuzwa wangekuwa nayo mukononi.

3. Jibu la pili: woga

Kisha mambo yale nikabadilika. Nilitoa tarehe, vipimo, majina ya vikundi vya vyungu. Mutu akiuliza kabila, nilijibu: "Sayansi haijibu swali lile." Lilikuwa neno la kweli, lakini nilijificha nyuma yake.

Watu wakaanza kupungua. Siku moja, mu komini ya Kenya, muzee mumoja wa pension ya Gécamines aliniambia: "Mwalimu, weye unatupatia paka miiba. Samaki ulikula weye mwenyewe." Watu walicheka, na miye nilicheka kiloko. Usiku sikulala vizuri.

Alikuwa na haki. Mama akimulisha mutoto samaki na bukari, anatoa miiba. Kila mutu anakubali kwamba ni upendo. Njo kazi ya mwenye kufundisha watu wote: kutoa miiba ya maneno ya wataalamu ili chakula kipite. Miye nilifanya kinyume. Na kiti chenye niliacha hakikubaki wazi. Wakati wa uchaguzi wengine wanakalia pale, wenye kusema "yetu" bila haya na bila kufungua kitabu. Mwenye kujua akinyamaza, watu hawabaki bila historia. Wanabaki na ile ya mwenye sauti kubwa.

4. Walimu wa kale na lukasa yao

Nilitafuta musaada kwa wale wenye walifundisha historia mbele ya masomo ya wazungu. Katika ufalme wa Baluba kulikuwa na chama cha mbudye, wachungaji wa kumbukumbu. Chombo chao kikubwa kilikuwa lukasa: ubao mudogo wenye kuingia mukononi, umepambwa kwa shanga, simbi na michoro. Mwenye kuisoma alishika ubao kwa mukono wa kushoto, akapitisha kidole cha kuume juu ya shanga, akaimba ao akasema habari ya Nkongolo, mufalme mukali, ya mwindaji Mbidi Kiluwe mwenye alitoka mashariki, na ya Kalala Ilunga mwana wake.

Wale wenye walijifunza lukasa kwa makini wanasema kwamba ubao mumoja hausomwi namna moja. Musomaji anaangalia watu wenye wako mbele yake, na chefu mwenye anamusikiliza, na jambo lenye liliwakutanisha, kisha anachagua njia yake kati ya shanga. Nilipoyasoma hayo kwanza, nilifurahi: kumbe hata wazee walirahisisha, walichagua! Lakini nilipofikiri zaidi niliona mambo mawili. La kwanza, shanga zenyewe hazikuhamishwa. Musomaji alikuwa huru kupita huku ao kule, lakini hakuwa huru kung'oa ushanga wenye haumupendezi. La pili, wale wenye walimusikia walijua kwamba kuna usomaji mwingine. Hawakudanganywa kwamba wimbo wa leo ni wimbo wote.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Mbudye ilikuwa na siri zake, na mutu bila kuingia katika chama hakufundishwa kusoma. Historia ilikuwa ya wachache, na ilitumikia kiti cha mufalme. Leo lukasa nyingi ziko mbali: mwaka 1996 kulifanywa New York maonyesho makubwa juu ya kumbukumbu ya Baluba, na lukasa moja yenye kujulikana sana iko ku Brooklyn Museum. Mutoto wa New York anaweza kuiona kisha masomo. Wa Kabongo, hapana. Kwa hiyo sisemi turudie siri. Ninasema tuchukue ile adabu: chagua njia, lakini usiguse shanga, na usifiche kwamba ulichagua.

5. Walimu wa muji

Muji wetu nao ulizaa walimu. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire ya muji wa Élisabethville, kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha wale wenye walikuwa maboyi wa wazungu. Tarehe zingine mule hazilingani na za vitabu vikubwa. Lakini ukitaka kujua ginsi mutu wa kazi aliuona muji ukisimama, shurti upite pale. Miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima, tangu bankambo mupaka siku zake, picha zaidi ya 100 zenye ziko leo katika kitabu cha Johannes Fabian. Wachoraji wenzake waliuza picha za ukumbusho mulango kwa mulango, na zilitundikwa mu salon za wafanyakazi. Tangu mwaka 2000, Donatien Dibwe dia Mwembu, Bogumil Jewsiewicki na wenzao, katika kazi yenye inaitwa Mémoires de Lubumbashi, waliwaomba wakaaji wenyewe walete vyombo vyao vya nyumbani na kumbukumbu zao.

Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wa kawaida hawawezi historia nzito. Salon za Kamalondo zilikuwa na historia ukutani wakati masomo mengi hayakuwa na kitabu hata kimoja. Chenye watu wanakataa ni kusemeshwa kama watoto.

Na hapa mufano wa samaki unanifundisha tena. Mama anatoa miiba, ndiyo. Lakini siku inafika anamuambia mutoto: angalia, huu njo mwiba, unaushika hivi, unautoa hivi. Mama mwenye hafiki siku ile atakuwa na mwana wa miaka 20 mwenye hawezi kula peke yake. Kurahisisha ni haki kama kunamupeleka mutu mbele. Kukiwa kwa kumufanya akutegemee milele, ni kumutawala.

6. Jibu la tatu

Sasa ninajibu namna gani? Yule mama akiuliza kabila, simukatalii swali. Swali lake si la ujinga wala si la chuki. Anauliza kama yuko ndani ya ile hadisi ao inje. Ninamuambia kwanza ginsi tunajua: kaburi, chungu, makaa yenye kupimwa. Halafu ninamuambia mupaka wa kujua kwetu: desturi zingine za pale zinaendelea kati ya Baluba, lakini vyungu havina luga, na makabila kama tunavyoyataja leo, na mipaka yayo, serikali ya wabelgiji ilichangia sana kuyakaza mu karatasi. Huo mwiba siutoi. Ninamuonyesha.

Kisha ninamurudisha ku musalaba wenyewe. Ninamuuliza: "Mama, ku soko, feza yenye weye tu unaikubali, ni feza?" Anacheka: "Haina feza, Papa." Njo vile. Kitu hiki kilikuwa na maana kwa sababu mutu mwingine, wa mbali, wa luga ingine, alinyoosha mukono akakipokea. Shaba ya kusini iliingia katika mukono wa marehemu wa kaskazini. Mwaka 1960 misalaba mitatu ya namna hii iliwekwa juu ya bendera ya Katanga, kusema: hii ni yetu, tunajitenga. Ile alama ilikuwa na haki ya kukaa pale, sababu ni ya inchi hii kweli. Lakini chombo chenye kilitengenezwa kusudi kitoke mukononi mwako kilipewa kazi ya kufunga mulango.

Mutu atanipinga: Mwalimu, na weye unapaka zamani sukari. Ni neno la haki. Ile misalaba ililipa kodi pia, na biashara si urafiki. Njia zile zile, nyakati zingine, zilipitisha watumwa. Nikiacha hayo ninarudia kosa langu la Likasi kwa nguo ingine. Ninayasema. Mwingine atapinga zaidi: historia yenye haina mwenyewe, nani ataichunga? Hapa ninakubali kwamba ninatatizika. Watu wanachunga chao. Makaburi ya nkambo wangu ninayafagia; ya nkambo wa mutu mwingine ninayapita. Musée bila watu wenye kusema "yetu" itabaki na vumbi na mulinzi mumoja.

Kwa hiyo sitaki kuua neno "yetu". Ninataka kulipima. Kuna "yetu" ya shamba: ikiwa yangu, haiko yako. Na kuna "yetu" ya mugonjwa: tukisema "mugonjwa wetu", hatusemi mutu asimukaribie, tunasema ni sisi wenye kuamuka usiku. Zamani ni yetu kwa namna ya pili. Chungu kidogo cha Sanga hakinipi haki ya kufukuza mutu yeyote. Kinanipa kazi: kusema kweli juu yake, na kumupisha mutu mwingine akione. Na kazi haina kabila. Mwenye kuichukua njo mwenyewe.

Sijui kama jibu hili litaweza kusimama siku watu watakusanyika tena ku gare. Maneno ya mwalimu hayazuii treni. Lakini ninajua ya kuwa maneno ya mwalimu yaliweza kuijaza, na ninajua ni maneno gani.

Mwezi uliopita, ku musée, mama mumoja alinisikiliza mupaka mwisho, akaangalia musalaba tena, akaniambia: "Basi, Papa, haukusema ni ya nani." Nikamujibu: "Mama, nilisema." Alifikiri kidogo. Halafu akamunyanyua mutoto wake, kusudi aone vizuri, na akamupisha na mutoto wa jirani.